Ewart Grogan: mpita-njia wa Kivu aliyepanda samaki wa Uskoti katika mito ya Kenya

Miaka sita baada ya kuvuka kwa mguu bonde la Rusizi na nchi ya volkano za Kivu, Mwingereza Ewart Scott Grogan aliagiza mayai ya samaki kutoka Uskoti, akayatia katika mto mmoja baridi wa Kenya uitwao Gura. Ilikuwa mwaka wa 1905. Samaki huyo ni trauti, ambaye Wazungu humvua kwa mchezo zaidi kuliko kwa njaa, na kabla ya hapo hakuwa amewahi kuishi katika maji ya Kenya.

Grogan alikufa mwaka wa 1967. Hoteli yake ilifungwa, bendera aliyoitumikia ilishushwa, na barabara iliyobeba jina lake ikapewa jina lingine. Samaki wake bado wanaogelea. Wakaaji wa Kolwezi na wa mkoa mzima wa Lualaba wanaishi kila siku na habari za konsesheni, vibali na mito inayobadilishwa na watu waliotoka mbali. Kwao maisha ya mtu huyu yana la kufundisha: nani anaamua kitakachoingia ndani ya mto, na nani anabaki na matokeo yake.

Kijana asiye na diploma

Grogan alizaliwa London tarehe 12 Desemba 1874, mtoto wa 14 katika familia ya watoto 21. Baba yake alifanya biashara ya nyumba na mashamba, na wateja wake walikuwa watu wakubwa. Mtoto akapelekwa Winchester, moja ya shule za watoto wa matajiri wa Uingereza, akafukuzwa. Akaingia Jesus College, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, nako akaondoka bila diploma. Alijaribu shule ya uchoraji pia, haikudumu.

Mwaka wa 1896 alikuwa kusini mwa Afrika, akipigana upande wa walowezi katika vita dhidi ya Wandebele, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Huko aliugua sana. Baadaye akaenda New Zealand kupumzika nyumbani kwa rafiki yake wa Cambridge, na huko akampenda dada wa rafiki huyo, Gertrude Watt.

Baba wa kambo wa Gertrude hakufurahi. Kijana hakuwa na diploma, hakuwa na kazi, na hakuwa na mali ya kuonyesha. Grogan akatoa ahadi ambayo ilionekana kama wazimu: angepita bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, kutoka Cape hadi Cairo, jambo ambalo hakuna aliyejulikana kulifanya. Siku zile Cecil Rhodes alikuwa akiota njia moja ya reli kutoka Cape hadi Cairo, ikipita katika nchi zilizo chini ya Waingereza. Mapenzi ya kijana na ndoto ya mkoloni vikashika njia moja.

Kupitia Rusizi, Kivu na Rutshuru

Safari yenyewe ilianzia bandari ya Beira, Msumbiji, mwaka wa 1898. Grogan alifuatana na Arthur Sharp, mjomba wa Gertrude. Walipanda kwa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, ambako waliajiri wapagazi Wamanyema, watu ambao asili yao ni upande wetu wa ziwa. Mwaka wa 1899 walishika njia ya kaskazini: bonde la Rusizi, Ziwa Kivu, nchi ya volkano, uwanda wa Rutshuru, kisha Ziwa Edward.

Sehemu hiyo ya safari ndiyo iliyomjulisha Grogan kwa watu wa mashariki mwa Kongo. Huko ndiko pia tabia zake zote zilipoonekana. Alipima milima na kuchora ramani. Alisimulia kuona mifupa ya nyani mkubwa sana kule milimani, miaka michache kabla wanasayansi wa Ulaya hawajapata gorila wa kwanza wa milimani mwaka wa 1902. Magharibi mwa volkano alikuta vijiji vilivyoharibiwa na mashambulizi, akaandika habari zake za kutisha. Alipoibiwa mizigo karibu na Ziwa Kivu, alijilipa kwa kunyang'anya ng'ombe wa chifu.

Na milima alikuta ina majina, lakini akaipa mingine. Mlima mmoja aliuita kwa jina la Sharp, mwingine kwa jina la ukoo wa mchumba wake. Leo ukienda Goma au Rutshuru hakuna anayeijua kwa majina hayo. Wakaaji waliendelea na majina yao, na ramani zikarudi kwao. Jina likikosewa hufutwa. Kiumbe chenye uhai hakifutwi hivyo.

Sharp aliishia Toro, Uganda, akarudi kwao. Grogan aliendelea na kikundi kidogo cha Waafrika, wakiwemo Watonga aliotoka nao pande za Nyasa, akapita Ziwa Albert na kuingia Lado, eneo lililokuwa wakati ule mikononi mwa Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Baada ya vituo vya Wabelgiji, alitumbukia katika mabwawa ya Nile nchini mwa Wadinka. Huko walishambuliwa, baadhi ya watu wake wakauawa. Alikuwa amechoka, karibu hana chakula, alipokutana na afisa mmoja Mwingereza aliyekuwa akiwinda. Mwanzoni mwa mwaka wa 1900 alifika Cairo.

Uingereza ilimpokea kama shujaa. Alihutubia Royal Geographical Society, chama cha wataalamu wa jiografia cha London, akampa Malkia Victoria bendera aliyoibeba njia nzima, akatoa kitabu juu ya safari yake, na mwezi wa Oktoba mwaka huo akamwoa Gertrude. Lakini ndani ya kitabu hicho kulikuwa na jambo lingine ambalo wasomaji wa Ulaya hawakulishangaa. Grogan alitetea kazi ya lazima kwa Waafrika. Kwake, Afrika ilikuwa shamba lisilo na mwenyewe, na watu waliokaa humo walikuwa mikono tu ya kulima. Babu zetu waliolipa mpira na barabara chini ya chikoti walijua maana ya fikra hiyo hata bila kusoma kitabu.

Karatasi za msitu na za bandari

Baada ya muda mfupi Johannesburg, ambako aliingia katika halmashauri ya mji, Grogan alifika Kenya mwaka wa 1904. Nchi hiyo ilikuwa bado inaitwa Himaya ya Afrika Mashariki. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka wa 1901, na serikali ya kikoloni ilitafuta walowezi watakaoifanya reli ilipe gharama zake.

Pamoja na mfanyabiashara wa mbao aitwaye Lingham, aliomba konsesheni ya msitu wa Lembus, karibu na Eldama Ravine. Mazungumzo juu ya mkataba huo yalivutana zaidi ya miaka kumi. Mwishowe alipewa haki ya kukata miti katika eneo kubwa sana, kwa masharti ambayo hata maafisa wa misitu wa serikali hiyohiyo waliyalalamikia. Wakaaji waliokuwa wakichunga na kutega mizinga ya nyuki ndani ya msitu hawakuwa upande wowote wa mkataba. Ilibidi kungoja mwaka wa 1923, wakati wa gavana Robert Coryndon, ndipo serikali ikaandika rasmi ni nani walio na haki ya kuingia na kuchunga humo.

Mtu wa Kolwezi hahitaji kuelezwa zaidi. Karatasi inatiwa sahihi mbali, na anayeishi juu ya ardhi anakuja kujua habari akiona alama za mipaka zimesimikwa.

Grogan hakuishia msituni. Mombasa alichukua kipande cha pwani huko Mbaraki, Kilindini, akajenga gati, na baadaye serikali ikakinunua. Nairobi alinunua ardhi ya tope kandokando ya mto, mahali ambapo wengine waliona vyura tu, na mji ulipokua akatajirika. Nyumba yake ya Chiromo iko leo ndani ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Barabara iliyoitwa Grogan Road ni Kirinyaga Road siku hizi, lakini mafundi wa magari wa Nairobi bado wanaita sehemu hiyo Grogan.

Mayai ndani ya baridi

Katikati ya mipango hiyo mikubwa, mwaka wa 1905, ndipo lilikuja jambo la samaki.

Walowezi walikuwa wakipanda milima ya Aberdare, inayoitwa pia Nyandarua, wakakuta kule juu mito inayofanana na ya Uskoti: maji maangavu, baridi, yanayoruka juu ya mawe. Samaki wakubwa wa kuvua kwa fimbo na ndoana hawakuwemo. Wagikuyu, wenyeji wa mabonde hayo, hawakuwa na desturi ya kula samaki, kwa hiyo hawakuwa wavuvi. Kwa macho ya Grogan, mto huo ulikuwa mtupu, ukingoja mwenye akili aujaze.

Alichotaka ni trauti wa kahawia wa Loch Leven, ziwa la Uskoti lenye sifa kubwa kwa wavuvi wa mchezo. Uvuvi huo una desturi zake. Mtu hutumia fimbo nyepesi, uzi mrefu, na chambo cha uongo kilichofungwa kwa manyoya ya ndege ili kifanane na mdudu. Furaha yake ni kumdanganya samaki na kupigana naye. Chakula kinakuja baadaye, kama kinakuja.

Kumpeleka trauti Afrika si jambo rahisi. Samaki huyu hawezi maji ya moto. Joto likikaribia digrii 25 anaanza kufa, na mayai yake yanataka baridi zaidi kuliko yeye mwenyewe. Meli ya kutoka Ulaya lazima ipite nchi za joto. Waingereza walitafuta dawa ya shida hiyo kwa miaka mingi, na mwaka wa 1864 wakaipata walipopeleka mayai ya samaki mpaka Tasmania, karibu na Australia. Mayai yaliyotungishwa yanapangwa ndani ya masanduku, kati ya kuvu laini ya msituni yenye unyevu, na barafu inayawekea baridi. Baridi inachelewesha kuanguliwa. Mtoto wa samaki analala ndani ya yai, macho yake yakionekana kama nukta mbili nyeusi, mpaka safari iishe.

Kwa njia hiyo trauti alisambazwa: Tasmania, New Zealand, Afrika Kusini, kisha Kenya. Kila mahali walipofika walowezi Waingereza, fimbo ya kuvulia ilifuata. Hata kwao Uingereza mambo yalikuwa yakichanganywa hivyohivyo. Mwaka wa 1878 tajiri wa Woburn alitia katika maziwa yake samaki aitwaye zanda kutoka bara la Ulaya, na katika miaka ya 1880 trauti wa upinde wa mvua aliletwa kutoka Marekani. Ilikuwa mtindo wa wakati ule: mtu mwenye pesa na mto alijiona ana haki ya kuchagua wanyama wa kukaa humo.

Mayai ya Grogan yalikuja kwa meli hadi Mombasa na kwa treni hadi nchi za juu. Kutoka hapo hakukuwa na barabara ya gari. Yalipanda mlima juu ya vichwa vya wapagazi. Walitakiwa kwenda haraka, bila kutikisa mzigo, bila kuacha jua liuguse. Kazi ngumu kuliko zote katika habari hii ilifanywa na watu hao. Historia ya uvuvi ya Kenya imeshika jina la Grogan.

Mayai yalianguliwa katika mto Gura, vifaranga vikakua, na trauti wa Uskoti akaanza kuzaa chini ya ikweta.

Viboko mbele ya mahakama

Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Machi 1907, jina la Grogan lilivuka bahari kwa sababu nyingine. Vijana watatu Wagikuyu waliokuwa wakivuta riksho Nairobi walishitakiwa kwamba walikosa adabu kwa wanawake Wazungu waliowabeba. Hawakupelekwa mbele ya hakimu. Grogan, aliyekuwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwaongoza mpaka mbele ya jengo la mahakama, na hapo, mbele ya umati wa Wazungu, wakachapwa kwa kiboko. Maafisa wa serikali walijaribu kumzuia, hakuwasikia.

Mahali alipochagua palisema kila kitu. Alipiga watu mlangoni pa sheria ili kuonyesha kwamba sheria ilikuwa yeye. Habari ilifika London na kuleta kelele. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kosa la mkutano usio halali, akautumikia katika nyumba, mbali na mateso ya gereza la kawaida. Vijana watatu walibaki na makovu.

Mtu anaweza kuuliza samaki wanahusiana vipi na viboko. Ni mkono uleule. Aliyeuona mto kuwa mtupu kwa sababu hakumwona ndani yake samaki wa kwao, ndiye aliyeona mtu kuwa si mtu kamili kwa sababu hakuwa Mzungu.

Vita, Wabelgiji na hoteli

Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914, Waingereza walikumbuka kwamba Grogan alizijua njia za Kivu. Alifanya kazi ya upelelezi na akawa afisa wa kiungo kati yao na Wabelgiji. Majeshi ya Force Publique, yaani askari Wakongo chini ya maafisa Wabelgiji na jenerali Charles Tombeur, yalivuka mpaka na kuingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Nyuma yao walikuwa wapagazi wengi sana, na wengi wao hawakurudi. Grogan alimaliza vita akiwa na medali na cheo cha kanali.

Amani iliporudi alirudi katika biashara na siasa. Mwaka wa 1928 alifungua Torr's Hotel, hoteli ya fahari katikati ya Nairobi. Huko Taveta, karibu na mpaka wa Tanzania, alipata mashamba makubwa ya katani na kujenga juu ya kilima nyumba inayoitwa hadi leo ngome ya Grogan. Ugomvi wa ardhi katika eneo hilo umedumu mpaka miaka yetu hii. Katika baraza la kutunga sheria alikuwa msemaji mkali wa walowezi, na vita vya Mau Mau vilipoanza katika misitu ileile ya Aberdare, mwaka wa 1952, alitaka mkono wa chuma.

Kuna jambo moja ambalo hata wapinzani wake humpa heshima. Gertrude alikufa mwaka wa 1943. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1947, hospitali ya watoto ilifunguliwa Muthaiga, Nairobi, kwenye ardhi aliyoitoa kwa kumbukumbu ya mkewe. Inaitwa Gertrude's, na watoto wa Kenya wa kila rangi wanatibiwa humo leo.

Samaki aliyepata sheria yake

Wakati huo wote trauti alikuwa akienea. Mwaka wa 1910 trauti wa upinde wa mvua aliletwa kutoka Afrika Kusini. Watu waliwahamisha kutoka Aberdare hadi mito ya mlima Kenya na ya mlima Elgon. Vilabu vya wavuvi vikaanzishwa. Serikali ya kikoloni ikaweka leseni, vipimo, na masharti ya aina ya chambo. Mwaka wa 1948 kituo cha kuzalisha vifaranga kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri, na kingali kinafanya kazi. Nyumba ya Sagana, ambamo binti mfalme Elizabeth alipata habari ya kifo cha baba yake tarehe 6 Februari 1952, ilisimama kando ya mto wa trauti.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Samaki wa kigeni hakuja peke yake. Alikuja na sheria yake, na sheria ilisema nani anaruhusiwa kusimama kando ya maji akiwa na ndoana. Mtoto wa Kigikuyu aliyezaliwa ukingoni mwa mto sasa angeweza kuwa mwizi ndani ya mto huo, kwa ajili ya samaki ambaye babu yake hakumwomba.

Maji yenyewe pia yalibadilika. Trauti anakula wadudu, viluwiluwi na samaki wadogo. Huko New Zealand na Afrika Kusini, wataalamu wameona samaki wadogo wa asili wakipungua au kutoweka mahali trauti alipoingia. Muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, umemweka trauti wa kahawia na yule wa upinde wa mvua katika orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani.

Mfano wa trauti ulifungua mlango kwa wengine. Mwaka wa 1929 samaki wa mchezo kutoka Marekani, besi wa mdomo mkubwa, alitiwa katika Ziwa Naivasha. Samaki mdogo aliyeishi katika ziwa hilo tu, na si pengine popote duniani, alionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962. Katika miaka ya 1950 sangara wa Nile, yule kapiteni ambaye wavuvi wa Ituri wanamjua katika Ziwa Albert, alipelekwa Ziwa Victoria. Alileta viwanda na pesa za kigeni, na akameza aina nyingi za samaki wadogo ambazo hazitaonekana tena.

Grogan aliishi mpaka kuona bendera ya Kenya huru ikipandishwa tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 89. Alikufa Cape Town tarehe 16 Agosti 1967, akiwa na miaka 92, mji uleule ulioipa safari yake jina.

Na sisi wa Lualaba?

Kwetu Katanga samaki hawakuhamishwa kwa mchezo. Wabelgiji walitafuta chakula cha wafanyakazi wa migodi. Baada ya Vita ya Pili, kituo cha Kipopo, karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilifanya majaribio ya kufuga makobo ndani ya mabwawa, na makobo wa Katanga wakasafirishwa hadi nchi nyingine za Afrika na Madagascar. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Union Minière ilifunga mto Lualaba ili kupata umeme, na hivyo likazaliwa ziwa la Nzilo, ambalo wakati ule liliitwa Delcommune. Kivu nako, mwaka wa 1959, sambaza walitolewa Ziwa Tanganyika wakatiwa Ziwa Kivu. Leo sambaza wanalisha familia za Goma na Bukavu, na mama wengi wanasomesha watoto kwa biashara hiyo.

Kwa hiyo haitoshi kusema kila samaki mgeni ni mbaya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo hupiga hodi, na mwenyeji ndiye anayefungua mlango. Sambaza wamelisha wenyeji. Trauti aliletwa kwa ajili ya wachache, na sheria ikawaweka wengine nje. Ziwa Victoria limefundisha kwamba hata samaki wa pesa nyingi anaweza kudai bei kubwa baadaye.

Swali hilo liko mlangoni petu. Makobo wa asili, ambaye wanasayansi wanamwita Oreochromis macrochir, sasa anahesabiwa na IUCN kuwa hatarini. Sababu moja ni tilapia wa Nile, anayependwa na wafugaji kwa sababu anakua haraka. Akitoroka bwawani anazaa na makobo wa mtoni, na kizazi kinachofuata si makobo tena. Majirani zetu wa Zambia wameshaona mchanganyiko wa namna hiyo katika mto Kafue. Na makobo wetu ana mzigo wa pili, kwa kuwa mito kama Luilu na Musonoi imebeba uchafu wa migodi kwa miaka mingi, na yote inaelekea Lualaba.

Mradi wa kufuga samaki Nzilo au kwingineko unaweza kuwa kitu kizuri. Thomson anayeuzwa sokoni Kolwezi anatoka baharini, mbali sana, akiwa ameganda kwa barafu, wakati ziwa liko karibu na mji. Vijana wanahitaji kazi nje ya machimbo. Lakini kabla ya kifaranga cha kwanza kutiwa majini, wavuvi wa ziwa, machifu na serikali ya mkoa wana haki ya kujua ni samaki gani, ametoka wapi, nani atamvua, na nani atalipa kama mambo yataharibika.

Konsesheni inaweza kufutwa na barabara kubadilishwa jina. Milima ya Virunga ilirudishiwa majina yake. Katika mto Gura, zaidi ya miaka 100 baada ya wapagazi kutua masanduku yao, hakuna serikali, tajiri wala mtaalamu anayeweza kumtoa trauti. Maji yakimwagika hayazoleki, na samaki akishazaa ndani ya mto ni hivyohivyo.